Mboga za Nyuma ya Nyumba, Chipsi za Jioni

Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, mama mboga wa mitaa ya Eldoret kama Langas, Huruma au Kapsoya huwa hana nafasi ya kuweka kisu chini. Mteja ametoka kazini, watoto nyumbani wanauliza chakula, na anachotaka ni sukumawiki iliyokatwa nyembamba, ikatiwa kwenye mfuko, tayari kwa sufuria. Akifika nyumbani ataiosha, pengine mara mbili, kwa kuwa hakuna anayependa kutafuna mchanga. Kisha ataikaanga hadi ilegee kabisa.

Katika safari hiyo fupi vitamini C hupotea mahali patatu. Jani linapokatwa, seli zake hupasuka, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na vitamini hiyo hukutana nayo penye hewa na kuanza kuiharibu. Kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba ndivyo kingo zilizopasuka zinavyozidi. Vipande vikioshwa baada ya kukatwa, vitamini C na foleti, ambazo huyeyuka majini, huondoka na maji ya karai. Moto nao humalizia kazi. Mama mboga hana kosa lolote. Yeye anauza muda, na muda ni adimu Eldoret tangu zamani, hata kabla mji haujapewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024.

Nadhani faida ya kupanda mboga nyuma ya nyumba inaanzia hapo. Tumezoea kuisifu bustani kana kwamba jani la nyumbani lina virutubisho ambavyo jani la sokoni halikujaliwa. Mmea ni ule ule. Kinachobadilika ni saa zinazopita kati ya shina na sufuria, mkono unaotia chumvi na mafuta, na zaidi ya yote, chakula ambacho familia haikununua jioni hiyo kwa sababu mboga zilikuwa hapo hapo uani.

Sayansi yenyewe inatutaka tuwe na kiasi katika sifa. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 23, nyingi zikihusu bustani za nyumbani katika nchi zinazoendelea. Familia zilizolima zilikula zaidi kile walichopanda, na kulikuwa na dalili kwamba vitamini A iliongezeka kwa watoto. Lakini kuhusu urefu na uzito wa watoto, ushahidi ulikuwa hafifu. Vitalu vya mboga peke yake havimkuzi mtoto anayeharisha kila wiki, wala havimfidii aliyekosa maziwa, mayai na maharagwe. Anayekuahidi kwamba gunia la spinachi litaponya kisukari anakuuzia maneno.

Hata hivyo pengo lililopo ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya watu wazima hawafikishi vipimo vitano vya mboga na matunda kwa siku, yaani ile kadiri ya gramu 400 inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Utafiti huo ulikuta pia kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, lile tunaloliita presha. Katika kaunti ya Uasin Gishu, ghala la mahindi la nchi, tumbo halikosi ugali. Kinachokosekana ni kile kinachokaa kando ya ugali, na mara nyingi nafasi yake huchukuliwa na chipsi.

Tuzitazame chipsi kwa makini, maana hazistahili kulaaniwa bila kueleweka. Kiazi kikizamishwa kwenye mafuta ya nyuzi 170 au 180, maji yake huchemka na kutoka kama mvuke, na mafuta huingia mahali pake. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kilokalori zisizofika 90. Uzito ule ule wa chipsi una karibu 300. Kiazi ni kile kile, cha aina ya Shangi, kilichoteremshwa kutoka Timboroa au Burnt Forest. Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Yakipashwa moto siku nzima na kesho yake tena, joto, hewa na unyevu wa viazi huyavunjavunja, yakawa meusi, mazito, yenye povu, na kutoa moshi mapema kuliko yalivyokuwa mapya. Miongoni mwa mabaki ya uchakavu huo ni aldehidi, kemikali ambazo mwili hauna kazi nazo. Wako wenye hoteli wanaobadilisha mafuta kwa wakati, na ziko jikoni za nyumbani ambamo mafuta ya kuku wa Jumapili yanatumika hadi Alhamisi.

La tatu ni rangi. Mwaka 2002 wanasayansi wa Uswidi walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo tangu 1994 ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya zile zinazodhaniwa kusababisha saratani, kutokana na majaribio ya wanyama. Kwa binadamu, ushahidi wa madhara yake kupitia chakula bado haujatulia. Inachohitaji ili itokee ni joto linalopita nyuzi 120, sukari ya kiazi na asidi amino iitwayo asparajini. Kuchemsha hakufikishi joto hilo, kwa hiyo kiazi cha kuchemsha hakina tatizo hili. Chipsi za rangi ya dhahabu zina akrilamidi kidogo kuliko zile za hudhurungi, na kiazi kilicholala kwenye friji, ambacho sukari yake imepanda, hutengeneza nyingi zaidi.

Chumvi ni hadithi nyingine, na hapa hoteli haistahili kubebeshwa lawama yote. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Utafiti ule wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima huongeza chumvi wakiwa mezani. Ukihamisha mlo kutoka kibandani hadi nyumbani kisha ukatia vijiko viwili vya viungo vya pakiti kwenye managu, umebadilisha mahali pa kulia tu. Tofauti ni kwamba nyumbani unakiona kijiko.

Kwa nini basi familia zinakula nje? Kuna raha ya kutoka, ndiyo, na nyama choma ya mara moja moja ni sehemu ya maisha. Ila katikati ya wiki sababu kubwa ni uchovu, na Eldoret ina sababu ya ziada ambayo watu wa Mombasa hawaijui. Pwani, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Hapa, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ukiongeza moto, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka tu haraka. Maharagwe na githeri huchukua muda mrefu zaidi kuiva, na mtu aliyefika nyumbani saa moja usiku hawezi kuyaanza. Dawa yake ni ya zamani: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha sufuria kubwa mwishoni mwa wiki, gawanya na uhifadhi kwenye friji. Wenye sufuria ya presha wameshalishinda tatizo hili, kwa kuwa mvuke uliobanwa hupandisha joto kupita nyuzi 100 hata hapa juu. Maharagwe yakishaiva, mboga ni kazi ya dakika kumi, na dakika kumi hazishindwi na foleni ya chipsi.

Sasa twende uani. Baridi ya Eldoret ni rafiki wa sukumawiki, spinachi, kabichi, dania, karoti na vitunguu vya majani. Kunde na mrenda hupenda joto na hukua kwa kusuasua hapa. Afadhali kuzinunua zikitoka Kakamega na Busia. Nyanya ndizo zinazowavunja moyo wanaoanza. Ugonjwa wa bwaka chelewa, unaoletwa na kiumbe kile kile kilichoangamiza viazi vya Ireland miaka ya 1840, hushamiri penye ubaridi na majani yaliyolowa, na hiyo ndiyo hali ya hewa yetu kuanzia Aprili hadi Agosti. Nyanya za nje bila paa humlazimu mtu kupulizia dawa mara kwa mara, na hapo maana ya kulima chakula chako inapungua. Ushauri wangu ni kuziacha nyanya kwa wenye vivungulio na kuanza na majani.

Udongo nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya Uasin Gishu ina udongo wenye asidi, na miaka ya kutumia mbolea ya DAP imeongeza asidi hiyo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyofungwa kwenye udongo huyeyuka na kudumaza mizizi, huku fosforasi ikishikwa mmea usiipate. Mtu huona sukuma ya manjano, akaongeza mbolea, mambo yakazidi kuharibika. Chokaa ya kilimo hurekebisha hali. Majivu ya kuni pia husaidia, ila kwa mkono mwepesi. Samadi iwe imeoza kwa miezi kadhaa. Samadi mbichi huunguza miche na huweza kubeba vijidudu vya kuhara hadi kwenye majani.

Anayeishi kwenye ploti ya kukodi asikate tamaa. Bustani za gunia zilipata umaarufu Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizotikisa pia Eldoret, shirika la Ufaransa liitwalo Solidarités lilipozieneza kwa familia zilizokosa chakula. Katikati ya gunia husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini, pembeni hutobolewa matundu ya miche. Gunia la mahindi linafaa. Lililobeba kemikali halifai. Faida yake nyingine haitajwi sana: unajua udongo umetoka wapi. Mboga za majani hufyonza kadimiamu, na vumbi lenye risasi hushika juu yake. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi, hivyo ardhi iliyo kando ya barabara kuu bado inaweza kuwa nayo. Kwa sababu hiyo hiyo mboga zinazomwagiliwa maji ya mto Sosiani chini ya mji, au ya mtaro, haziokolewi na kuoshwa.

Nikiambiwa nichague mimea miwili ya gunia hilo, nitachagua managu na saga. Kila jamii iliyohamia Eldoret ina jina lake la saga: isagek kwa Wakalenjin, chinsaga kwa Wakisii, dek kwa Wajaluo. Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini au magugu ya shambani, hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walipotumia maisha yao ya kitaaluma kuonyesha utajiri wake wa chuma, kalsiamu, protini na karotini, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A. Managu huanza kuchumwa wiki tano hivi baada ya kupandwa. Saga ikianza kutoa maua, yakate. Mmea ulioingia kwenye mbegu hupunguza majani. Tunda bichi la managu lina sumu za jamii ya solanini, kwa hiyo watoto waonywe wasilitafune.

Upishi ndio unaoamua kitakachofika kwenye damu. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na wazee wetu waliopika saga kwa maziwa au malai hawakukosea. Chuma cha mboga ni kigumu kufyonzwa, lakini vitamini C husaidia: kamulia limau mwishoni, au kula chungwa baada ya mlo. Chai hufanya kinyume. Tanini zake hushikamana na chuma tumboni, nacho hupita bila kutumika. Mji ulio karibu na mashamba ya chai ya Nandi hauwezi kuambiwa uache chai, ila kikombe kikisubiri saa moja baada ya chakula, hasara hupungua sana. Wanaojitetea kwamba mabingwa wa mbio hunywa chai na ugali wana haki nusu. Utafiti wa mwaka 2004 kuhusu wanariadha 10 wa Kikalenjin ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu za nguvu zao zilitoka kwenye wanga. Walikuwa pia wakikimbia kila siku, jambo ambalo sahani yetu hailisemi.

Eldoret imewahi kuona hospitalini jinsi chakula kinavyohitajika sambamba na dawa. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na washirika wa Chuo Kikuu cha Indiana, ulipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, madaktari waligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa na njaa. Wakaanzisha mashamba, likiwemo la Mosoriot, na mazao yakawa yanatolewa kwa wagonjwa pamoja na vidonge.

Kuna watu wachache wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kujaza sahani majani. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha sukuma, spinachi au managu anachokula, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Si lazima aache mboga. Ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na kliniki ipange dozi kulingana na hicho. Mwenye figo dhaifu naye ana suala la potasiamu, na kwake yeye kuchemsha mboga kwa maji mengi na kuyamwaga ndiko kunakofaa.