Mwindaji wa Dhoruba na Ujuzi Wake

Kila mwaka, kuanzia mwezi Aprili hadi Juni, magari mengi huonekana katika barabara za tambarare kuu za Marekani, hasa katika majimbo ya Oklahoma, Kansas na Texas, yakielekea kule ambako wenyeji wangependa kukukimbia. Waliomo humo ni watu wanaotafuta dhoruba za radi, na zaidi ya yote tonado. Baadhi yao ni wanasayansi wenye vyombo vya kupimia, wengine ni wapiga picha, na wengine, kwa kusema kweli, ni watazamaji tu waliolipa nauli. Wote huitwa wawindaji wa dhoruba. Hata hivyo, miongoni mwao wenyewe si wengi wanaohesabiwa kuwa wazoefu, wala uzoefu huo haupimwi kwa idadi ya tonado ambazo mtu amezikaribia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua chamchela, ule upepo wa kiangazi unaozunguka uwanjani na kuinua vumbi na majani makavu. Chamchela huzaliwa ardhini kutokana na joto la jua, tena mbingu zikiwa wazi. Tonado ni kitu kingine. Ni safu ya hewa inayozunguka kwa nguvu, iliyoshikamana na wingu kubwa la mvua juu na kugusa ardhi chini. Wala haifai kuichanganya na kimbunga cha baharini, ambacho upana wake ni mamia ya kilomita na ambacho huishi siku kadhaa. Tonado nyingi hazifikii upana wa kilomita moja, na aghalabu hutoweka baada ya dakika chache. Ndiyo sababu ni vigumu kuzipima: kituo cha hali ya hewa chaweza kukaa mahali pamoja miaka mingi bila kupitiwa na hata moja. Kwa kuwa tonado haiji kwenye chombo, chombo hakina budi kuifuata.

Kazi huanza asubuhi, kabla wingu lolote halijaonekana. Mwindaji huchunguza ramani za hali ya hewa akitafuta mahali ambapo mikondo mitatu ya hewa itakutana: hewa ya joto yenye unyevu mwingi itokayo Ghuba ya Meksiko na kupita karibu na ardhi, hewa kavu itokayo nyanda za juu za magharibi, na upepo wa kasi uvumao kutoka magharibi huko juu sana. Upepo wa juu ukiwa na kasi kubwa na mwelekeo tofauti na ule wa chini, hewa iliyo katikati huviringika. Mwanafunzi anaweza kulihakikisha jambo hili kwa kuweka kalamu ya risasi katikati ya viganja viwili na kusogeza kiganja cha juu peke yake: kalamu huviringika ikiwa imelala. Mkondo mkali wa hewa inayopanda ukiiinua hewa hiyo inayoviringika, mviringo uliokuwa umelala husimama wima, na wingu zima huanza kuzunguka polepole. Dhoruba ya namna hiyo wataalamu huiita superseli. Karibu na ikweta ngurumo na mvua ya mawe si haba, kama wanavyojua wakulima wa chai wa Kericho, lakini kwa kawaida upepo wa juu hauna tofauti kubwa ya kutosha kuukamilisha mviringo huo.

Jambo linalowatatiza wanaoanza ni kile kiitwacho kifuniko. Hili ni tabaka la hewa yenye joto, kilomita moja au mbili hivi juu ya ardhi, ambalo huzuia hewa ya chini isipande, mfano wa kifuniko cha sufuria. Kikiwa kizito mno, mbingu hubaki wazi mchana kutwa, na mwindaji hurudi nyumbani baada ya kuendesha gari kilomita mia tano bila kuona chochote. Kikiwa chepesi mno, mawingu mengi madogo huchipuka mapema na kunyang'anyana unyevu. Siku ya hatari ni ile ambayo kifuniko hushikilia hadi alasiri, joto na unyevu vikizidi chini yake, kisha kikatoboka mahali pamoja tu. Kupabashiri mahali hapo kwahitaji ramani, lakini kwahitaji pia mtu aliyekwisha kukosea mara nyingi.

Dhoruba ikishazaliwa, ujuzi hugeuka kuwa suala la mahali pa kusimama. Superseli za tambarare hizo mara nyingi husafiri kuelekea kaskazini-mashariki, na tonado hutokea upande wake wa nyuma, kusini-magharibi, chini ya sehemu ya wingu isiyonyesha. Kwa hiyo mzoefu hukaa kusini-mashariki ya mzunguko huo, nje ya mvua ya mawe, akiwa na barabara iliyo wazi ya kukimbilia kusini. Anayeanza hushtuka kila aonapo kipande cha wingu kilichoning'inia. Mzoefu huuliza: je, kinazunguka? Huuhisi pia upepo. Ukiwa wa vuguvugu na unyevu, ukivuma kuelekea kwenye dhoruba, ajua kwamba dhoruba bado inalishwa. Ukigeuka ghafla ukawa baridi, mambo yamebadilika na huenda akalazimika kuondoka. Superseli nyingi haziteremshi tonado yoyote, na sababu yake haijaeleweka barabara hadi leo.

David Hoadley, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi, alianza kufuata dhoruba huko North Dakota mwaka 1956 kwa hiari yake mwenyewe. Faida kwa sayansi ilionekana wazi tarehe 24 Mei 1973, wakati watafiti walipoipiga picha tonado ya Union City, Oklahoma, tangu kuzaliwa hadi kufa, huku rada ya Doppler iliyokuwa Norman ikiipima kutoka mbali. Walipolinganisha picha na vipimo, waligundua kwamba rada ilikuwa imeonyesha dalili ya mzunguko ndani ya wingu kabla tonado haijagusa ardhi. Maonyo wanayopewa wananchi wa Marekani leo yana mizizi katika kazi hiyo. Mnamo miaka ya 1980 watafiti walijaribu pia kutega njiani pipa zito lenye vyombo, lakini halikupata hata mara moja kukaa katikati ya tonado kubwa. Aliyefaulu ni Tim Samaras, mhandisi aliyejifunza mengi ya fani yake nje ya chuo kikuu. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na Manchester, South Dakota, chombo chake kilichokuwa na umbo la koni bapa kilipitiwa na tonado na kurekodi kanieneo ya hewa ikishuka kwa milibari 100.

Samaras alijulikana kwa uangalifu wake. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado iliyofunikwa na mvua ilipanuka kwa haraka hadi kufikia kilomita 4.2, upana ambao haukuwa umepata kupimwa nchini humo. Ilibadili mwelekeo na kuongeza kasi. Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young walikumbwa ndani ya gari lao, wakafa. Mahali walipokuwa pangekuwa salama kwa tonado ya upana wa kawaida.

Kabla ya siku hiyo hakujulikana mwindaji aliyeuawa na tonado yenyewe. Waliokufa walikufa barabarani, na ajali za aina hiyo zimeendelea. Mwaka 2017 wawindaji watatu walikufa huko Texas magari yao yalipogongana kwenye njia panda. Kwa sababu hiyo wazoefu wengi huacha kuwinda giza linapoingia, hubadilishana usukani, na huwa tayari kuikosa dhoruba kuliko kuifuata kwa mwendo wa kasi katika barabara iliyolowa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2022, wanafunzi watatu wa elimu ya hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walikuwa wakirudi kutoka Kansas. Gari lao liliteleza kwenye barabara kuu yenye maji, likagongwa na lori. Tonado waliyokuwa wameitazama jioni ile ilikuwa imekwisha kutoweka saa kadhaa kabla, zaidi ya kilomita 100 nyuma yao.