Somo la Redio: Kutengeneza Ekzosi ya Pikipiki Iliyopasuka

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matatu: UFA, KUTU, KULEHEMU. Wanafunzi wayasome kwa sauti. Vema, tuendelee.

Leo tutazungumza habari za ekzosi, yaani bomba litoalo moshi wa injini, na hasa ekzosi ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi. Mwenye pikipiki hulipenda bomba hili kwa kuwa linang'aa na kudumu. Lakini likipasuka, hulipeleka kwa fundi wa kwanza amwonaye njiani, na hapo ndipo hasara huanza. Mimi mwenyewe hasara hiyo naijua. Pikipiki yangu ya kwendea madarasa ya vijijini ilipasuka bomba karibu na injini. Fundi alililehemu kwa kijiti cha chuma cha kawaida, kwa bei nafuu. Kabla masika haijaisha mshono ule ulikuwa mwekundu kwa kutu, kisha ukafunguka tena. Nililipa mara mbili, na mara ya pili fundi mwingine ilimbidi akate kipande kizima.

Kwa nini ikawa hivyo? Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na madini yaitwayo kromu, kadiri ya sehemu 10 na nusu au zaidi katika kila sehemu 100. Kromu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, nao hukikinga chuma. Ukiukwaruza, hujirudisha wenyewe. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata chuma cha namna hii. Sasa, fundi akiziba ufa kwa chuma kisicho na kromu, mahali pale hapana utando. Pale patashika kutu kama jembe lililosahauliwa shambani.

Lakini kwanza hakikisha kwamba ekzosi yako ni stenlesi kweli. Pikipiki nyingi ndogo zina bomba la chuma cha kawaida lililopakwa kromu kwa juu tu. Tazama mahali palipokwaruzika. Kama ngozi inabanduka na chini yake pana kutu, hiyo si stenlesi. Watu wengi hujaribu kwa sumaku, lakini sumaku haitoshi: ziko stenlesi zinazovutwa na sumaku, na ekzosi nyingi zimefanywa kwa namna hizo.

Ufa hutafutwaje? Injini ikiwa baridi, iwashe nje, mahali penye hewa. Mwenzako azuie kidogo tundu la nyuma kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa, nawe usikilize. Panapovuja patalia tss-tss. Tazama pia masizi meusi juu ya bomba. Ndugu zangu, kazi hii msiifanye kamwe ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wa injini mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, nayo huua. Mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, akadhani ni uchovu, akaketi apumzike, naye asiinuke tena.

Ufa ukiisha kuonekana, ngoja bomba lipoe, kisha lifungue kabisa kutoka kwenye pikipiki. Usikubali lilehemiwe karibu na tangi la petroli. Safisha masizi na mafuta kwa sabuni na maji, ulikaushe. Msitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwa sababu ikipatwa na mwako wa kulehemu huweza kutoa hewa ya sumu kali. Sugua kwa msasa mpya au brashi ya waya wa stenlesi. Brashi iliyokwisha kusugua chuma cha kawaida huacha chembe zake, na chembe hizo hushika kutu.

Kisha fundi atoboe tundu dogo, la milimita 3 hivi, katika kila ncha ya ufa. Wengine hucheka wakiambiwa hivi: bomba limepasuka, nasi twalitoboa tena! Lakini ncha ya ufa ni kali, na mtikisiko hukusanya nguvu zake pale. Tundu la duara huzitawanya nguvu hizo, ufa usisonge mbele. Matundu hayo huzibwa pamoja na ufa.

Kwa kulehemu, tafuta fundi mwenye mashine ya agoni. Bomba hili ni jembamba, na moto mkali hulitoboa. Mwambie atumie waya wa stenlesi. Namba 308L yafaa kwa stenlesi za kawaida, na 309L kwa kuunga stenlesi na chuma cha kawaida. Gesi ya agoni ipitishwe na ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani huungua ukawa kama sukari iliyoungua sufuriani. Mshono mzuri una rangi ya majani makavu au ya dhahabu. Ukiwa mweusi wenye magamba, umeungua. Moshi wa kulehemu stenlesi ni mbaya kwa mapafu, basi kazi ifanywe penye upepo, na fundi avae kinga ya macho na ya pua. Watoto wasisimame kutazama.

Sasa kurudisha bomba, na hapa ndipo wengi hukosea. Tia gasketi mpya penye injini. Ingiza nati zote na bolti ya nyuma kwa mkono tu, bila kukaza. Tikisa bomba mpaka likae lenyewe mahali pake. Ndipo ukaze nati za penye injini, zamu kwa zamu, kidogo kidogo, na mwisho bolti ya nyuma. Ukianza kukaza nyuma, bomba hukaa limevutwa kama kamba, na mtikisiko wa barabara mbovu utalipasua tena palepale. Kama bolti ya nyuma imepotea, nunua nyingine leo. Huenda hiyo ndiyo iliyopasua bomba hapo kwanza.

Njiani mbali na fundi, waweza kufunga bati jembamba juu ya ufa kwa klampu mbili. Huko ni kukufikisha nyumbani tu.

Walimu, waulizeni wanafunzi: Kwa nini fundi atoboe tundu kwenye ncha ya ufa? Ni nati zipi zikazwe kwanza? Kila mmoja aandike majibu katika daftari lake. Kwaherini.