Seva ya ofisi ndogo: Isipige kelele, isile umeme, isipoteze faili

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa sisi tunaovusha mizigo Malaba, Busia na Mutukula, daftari la siku hizi limo ndani ya kompyuta: ankara, hati za forodha, risiti za EFRIS na nakala za pasi za wateja. Sheria ya Uganda ya taratibu za kodi inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Je, ofisi yenye watu sita itazitunza wapi?

Katika ofisi nyingi za katikati ya Kampala nilizoingia, jibu ni kompyuta mpakato ya karani. Ikiibwa, au karani akiacha kazi, kampuni inabaki mikono mitupu mbele ya mkaguzi wa kodi. Dawa ni seva ya faili, yaani kompyuta moja inayowaka muda wote na kuhifadhi faili za ofisi nzima. Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuichagua.

Nilianza na hesabu, si duka. Faili moja la mzigo lina kurasa kama 20, na zikipigwa picha kwa mashine ya skana huchukua takriban megabaiti 20. Tukifungua mafaili 10 kwa siku, siku 300 za kazi, tunapata gigabaiti 60 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni gigabaiti 300. Muuzaji mmoja alinishauri ninunue diski ya terabaiti 8. Nilimshukuru nikaenda zangu, kwani terabaiti moja inatutosha na chenji inabaki.

Chaguo la kwanza lilikuwa seva kuukuu za kampuni kubwa, zile pana na nyembamba kama sinia. Bei yake huvutia. Lakini feni zake ni ndogo, za upana wa sentimita 4, na ili zipoze mtambo hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa. Mlio wake hauvumiliki chumbani ambamo karani anaongea na dereva aliyekwama mpakani. Feni pana ya sentimita 12 husukuma hewa hiyohiyo polepole, na huisikii.

Halafu kuna umeme. Mashine inayokula wati 120 usiku na mchana humaliza yuniti 1,051 kwa mwaka. Inayokula wati 20 humaliza yuniti 175 tu. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya yuniti unayolipa, utaona kuwa mashine ya bei poa inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Chaguo la pili ni visanduku maalumu vya kuhifadhia faili, kama vya Synology na QNAP, vyenye nafasi ya diski mbili. Havina kelele nyingi, havili umeme mwingi na havihitaji fundi bingwa. Kasoro yake ni bei, maana vingi huuzwa bila diski. Aidha, kisanduku kikifa, si rahisi kupata kipuri chake siku hiyohiyo.

Chaguo la tatu, ambalo ndilo tulilolichukua, ni kompyuta ndogo ya mezani iliyowahi kutumika ofisini, aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Kugawa faili si kazi nzito. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha, na waya wa mtandao wa gigabiti moja hupitisha megabaiti 100 na ushee kwa sekunde. Programu hazina malipo: Debian pamoja na Samba, au OpenMediaVault kwa asiyependa kuandika amri.

Angalizo moja. Zile ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu, nyingi zina nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na kijiti kimoja cha SSD. Fungua kifuniko uhesabu nafasi kabla ya kulipa. Sisi tuliweka SSD mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee. SSD haina sahani inayozunguka, hivyo haitoi sauti.

Wenzetu mliorudi kutoka kyeyo na mashine zenu, someni kibandiko cha kipoza umeme kabla ya kuchomeka. Uganda hutumia volti 240, Marekani volti 120. Vifaa vingi vya kisasa hupokea volti 100 hadi 240 vyenyewe, lakini kompyuta za zamani zina swichi ndogo nyuma. Ikiachwa kwenye 115, utasikia mlio na kunusa moshi. Na anayetaka kuleta shehena akumbuke kuwa bajeti ya mwaka 2009 ilitangaza marufuku ya kompyuta kuukuu kuingizwa nchini. Aulize URA kwanza sheria inasemaje leo.

Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, na UEDCL ilichukua usambazaji kutoka Umeme Aprili 2025. Hata hivyo, umeme bado hukatika. Kwa hiyo pesa mliyookoa kwenye mashine inunue UPS yenye waya wa USB. Umeme ukienda, UPS huiarifu seva, nayo hujizima kwa utaratibu badala ya kuanguka katikati ya kuandika. Betri yake huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, nayo ni ya kubadilishwa, si ya kuombewa.

Mwisho, na hili ndilo kubwa. Diski mbili ndani ya mashine moja si nakala ya akiba. Karani akifuta faili, linafutika kote kuwili. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia havichagui. Soko la Owino lilipoungua Februari 2009, madaftari nayo yaliungua pamoja na marobota ya nguo. Sisi tuna diski mbili za nje: moja inapokea nakala wiki hii, nyingine iko nyumbani kwa bosi, na kila Ijumaa zinapishana. Zote zimefungwa kwa nywila, maana sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inamhusu kila anayeshika nakala za pasi za watu.

Kabla ya kwenda dukani, mfanyabiashara, jiulize: ofisi ikiungua usiku wa leo, kesho asubuhi utamwonyesha nini mkaguzi? Kama huna jibu, usianze na seva. Anza na diski ya nje.