Masega ya Gari na Pumzi ya Jirani

Tunaosafiri kati ya Mwimbi na Sumbawanga tumezoea moshi wa magari. Hata hivyo, sehemu ya moshi huo yenye madhara makubwa aghalabu haionekani kwa macho.

Karibu sehemu nne kwa tano za hewa tuivutayo ni nitrojeni, gesi isiyodhuru. Ndani ya injini, joto kali huilazimisha kuungana na oksijeni, zikatokea oksidi za nitrojeni. Hizo huumiza njia ya hewa, hasa kwa watoto na wenye pumu.

Ili kuzipunguza, katika bomba la moshi la gari la petroli huwekwa kifaa ambacho mafundi hukiita masega, kwa kuwa kina vijitundu vingi mithili ya sega la nyuki. Kuta zake zimepakwa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Oksidi ya nitrojeni inaponata juu ya rodiamu, muungano wake huvunjika. Atomu mbili za nitrojeni zikikutana, huungana na kurudi hewani zikiwa gesi ileile isiyodhuru. Oksijeni iliyobaki huchukuliwa na monoksidi ya kaboni, sumu nyingine ya moshi, ikawa dioksidi ya kaboni. Metali yenyewe haipungui kwa kazi hiyo. Hubaki tayari kupokea nyingine.

Yote hayo hutendeka juu ya uso wa metali. Uso ukifunikwa, kazi husimama. Ndivyo ilivyofanya risasi iliyotiwa zamani katika petroli. Nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ikakomeshwa.

Leo jaribu ni jingine: masega hung'olewa na kuuzwa kwa sababu metali hizo ni za thamani. Gari huendelea kwenda, na mwenye nalo hupata fedha. Anayelipa ni mtoto aliyesimama kando ya barabara.

Mtu atasema, "Gari ni langu." Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inafundisha kwamba amri ya saba, inayokataza wizi, inadai pia tuheshimu uumbaji. Gari ni lako. Hewa ni yetu sote. Tunaponunua gari au kulipeleka kwa fundi, tuulize kama masega yake yapo, na tuyaache mahali pake.