Je, Wajua? Kifungo cha Nje Busia na Malaba

Je, wajua kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani Busia asubuhi, kisha jioni akala ugali wake nyumbani? Sheria ya Kenya ya Amri za Huduma kwa Jamii, namba 10 ya mwaka 1998, inampa hakimu uwezo wa kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya jela. Adhabu hiyo mtaani tunaiita kifungo cha nje.

Nani anafaa? Aliyetenda kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Hata kosa likiwa na adhabu kubwa zaidi, hakimu akiona miaka 3 au chini yake inatosha, mlango uko wazi.

Je, wajua kazi zenyewe zimetajwa sheriani? Barabara, upandaji miti, miradi ya maji, ukarabati wa shule na hospitali za umma, kazi katika makao ya mayatima. Kipo pia kipengele kinachosahaulika: huduma za kitaalamu. Fundi wa umeme anaweza kutumikia adhabu kwa kurekebisha nyaya za zahanati. Kumpa fundi huyo fyekeo huku wajawazito wakijifungulia gizani ni kuinyima jamii haki yake.

Zimbabwe ilitangulia kujaribu njia hii mwaka 1992. Kenya ilikuwa na utaratibu wa zamani chini ya Sheria ya Magereza, wafungwa wa muda mfupi wakifanya kazi nje, lakini ulichafuka: wengine waliishia kuwafanyia wakubwa kazi zao binafsi. Sheria ya 1998 inataka kazi iwe ya umma.

Je, wajua kwamba kabla ya amri kutolewa, afisa wa probesheni huchunguza mazingira ya kosa na maisha ya mkosaji, kisha huripoti mahakamani? Anaishi wapi? Nani anamtegemea? Hapa mpakani mwa Kenya na Uganda swali la kwanza ni zito. Waiteso na Wasamia wana jamaa pande zote mbili. Hadi mwaka 1902 upande huu wa Kenya nao ulihesabiwa Uganda. Mtu anaweza kulala Malaba na kulima Tororo bila kuona ajabu yoyote. Lakini afisa wa probesheni wa Kenya hana mamlaka ya kumsimamia akishavuka mpaka.

Ng'ambo, sheria ya Uganda ya mwaka 2000 inahusu makosa ya kifungo kisichozidi miaka 2. Kazi haipiti miezi 6, wala saa 8 kwa siku.

Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka Busia, ambapo maafisa wa nchi mbili hukagua mizigo chini ya paa moja. Naamini maafisa wa probesheni nao wanastahili utaratibu kama huo, ili mama aliyekamatwa na chang'aa asikose kifungo cha nje kwa sababu tu nyumba yake iko upande wa pili.

Tukirudi Kenya, anayekaidi amri je? Mahakama inaweza kumwonya, kuibadilisha amri, au kuifuta na kumpa adhabu nyingine.

Na hili wengi hawaambiwi: ukishatiwa hatiani, unaweza kumwomba hakimu mwenyewe aagize ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kutoa adhabu. Ripoti hiyo hailipiwi, na huhitaji wakili ili kuiomba.