Hoteli Kuukuu ya Ufuoni: Walipia Nini?
Hoteli nyingi kongwe za Diani, Nyali na Malindi zilitangulia kupata viwanja vizuri, mbele kabisa ya mchanga, na hiyo ndiyo hoja yao wakikutajia bei. Lakini ufuo ni wa umma. Aliyelala ng'ambo ya barabara aoga bahari ile ile. Pesa zako basi zanunua chumba, na chumba cha pwani huliwa na chumvi. Usidanganywe na rangi mpya. Kabla hujalipa, washa kiyoyozi, fungua mfereji, kisha tazama dari: ufa wenye kutu maana yake chuma kilichomo ndani ya zege kimeanza kuliwa. Makuti mapya ni dalili njema, kuna mtu anayejali. Bei ya Disemba kwa chumba chenye dari la nyufa? Mimi ningengoja Mei, mvua ikinyesha na bei ikiwa chini.