Mtabiri wa Rasi ya Chanonry

Ndugu msikilizaji, leo nakupeleka Uskoti, upande wa pili wa ghuba kutoka mji wa Inverness, mahali ambapo ardhi imejitokeza baharini kama ulimi. Hiyo ndiyo rasi ya Chanonry, na mji mdogo uliopo hapo unaitwa Fortrose. Jina Chanonry limetokana na makanoni, yaani mapadri waliolihudumia kanisa kuu lililojengwa hapo katika karne ya 13.

Kanisa lenyewe, la mawe mekundu, sehemu kubwa halipo. Baada ya Mageuzi ya dini ya mwaka 1560, madini ya risasi yaliyoezekwa juu ya paa yaligawiwa bwana mkubwa mmoja, na mvua ikafanya kazi yake. Wenyeji husema mawe mengine yalichukuliwa na askari wa Cromwell kujengea ngome kule Inverness.

Ncha ya rasi ina mnara wa taa wa mwaka 1846, kazi ya mhandisi Alan Stevenson. Maji yakianza kujaa, pomboo huja karibu kabisa na ufuko wakifukuza samaki, na wageni wengi huwafuata hao. Mimi nilifuata jiwe.

Jiwe hilo ni la kumkumbuka Coinneach Odhar, mtabiri. Hadithi inasema kwamba miaka ya 1660 Isabella, mke wa mkuu wa Seaforth, alimuuliza habari za mumewe aliyekuwa Paris. Mtabiri akacheka, akasema bwana yuko na mwanamke mwingine. Bibi akaghadhibika, akaamuru achomwe moto hapo rasini ndani ya pipa la lami.

Hadithi tamu, lakini sisi waandishi wa habari tumefundishwa kuuliza: nani kaandika, na lini? Kitabu kilichoieneza, cha Alexander Mackenzie, kilitoka mwaka 1877, zaidi ya miaka 200 baadaye. Hati za serikali zinamtaja Coinneach Odhar mmoja tu, aliyetakiwa akamatwe kwa uchawi mwanzoni mwa 1578. Huyo alitangulia zama za Isabella kwa takriban miaka 80, na hakuna kumbukumbu ya kuchomwa kwake.

Lakini msako ule ulikuwa wa kweli. Mke wa mkuu wa Foulis alidaiwa kutumia sumu na uchawi ili kuwaua jamaa zake, na waliodaiwa kumsaidia wakasakwa. Novemba 1577, ndani ya kanisa kuu hili hili la Fortrose, baadhi yao walihukumiwa, kisha wakachomwa. Mmoja alikuwa mwanamke aitwaye Christian Ross. Bibi wa Foulis mwenyewe alishtakiwa mwaka 1590, akaachiwa huru.

Nilizunguka rasi na magofu mchana kutwa. Jiwe la Coinneach nililiona. La Christian Ross sikuliona.